Polisi: Tuifute au Tuitengeneze?

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa kwa vijana wa chama, Amani, Unguja, Januari 2025, katika kuwakumbuka mashahidi wa Januari 2001. Wengi waliokosa kufika wameniomba niyaandike. Nimeyaacha kama nilivyoyasema, nimepunguza tu pale nilipojirudia.

   Najua leo kuna mpira na wengine mumeuacha.

Mwenyekiti wa tawi alinipigia simu akanambia, "Njoo utuzungumzie polisi." Nikamuuliza, "Niseme nini?" Akanijibu, "Sema la kweli tu." Haya, tutajaribu. Lakini munajua wenyewe, ukilisema la kweli kuhusu polisi hapa kwetu, nusu ya watu watasema umezidisha na nusu watasema umeogopa.

Naanza na nyinyi. Wiki iliyopita kwenye grupu letu mulibishana mpaka saa saba za usiku. Kijana mmoja, na yupo hapa namuona, aliandika maneno mawili tu: "Polisi ifutwe." Grupu zima likamuunga mkono. Mwengine akajibu: "Haifutiki, tuitengeneze." Huyo akaitwa muoga, akaitwa kibaraka, mpaka akaondoka kwenye grupu. Leo nataka tulizungumze hili bila ya kuitana majina, kwa sababu mwaka huu ni wa uchaguzi na suali hili litatukuta njiani tukitaka tusitake.

Kwanza, anayesema ifutwe mimi sitomcheka. Hasira yake ina historia.

Mimi Januari 2001 nilikuwa na miaka sita. Ninachokikumbuka ni milango kufungwa mchana na mama kutulaza chini sakafuni. Mengine nimekuja kuyasoma na kuyasikia kwa wazee. Ijumaa ya tarehe 26 risasi zilipigwa Mwembetanga, hapa hapa mjini, watu wakitoka msikitini. Walikufa wawili, mmoja wao imamu. Siku ya pili, Jumamosi, watu waliandamana Unguja na Pemba kudai uchaguzi urudiwe na katiba mpya. Yaliyotokea Wete, Chake Chake na Micheweni munayajua. Tume ya Serikali yenyewe, iliyoongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita, ilihesabu watu 31 waliokufa. Shirika la Human Rights Watch likaandika kwamba waliokufa hawapungui 35 na waliojeruhiwa ni zaidi ya 600. Zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari kwa mashua mpaka Shimoni, Kenya. Nchi iliyozoea kupokea wakimbizi wa wenziwe, siku ile ikatoa wa kwake.

Na tuseme na hili, maana kweli haichaguliwi: katika siku zile na askari polisi aliuliwa Pemba. Na yeye alikuwa mtoto wa mtu.

Hakuna askari aliyehukumiwa kwa mauaji yale. Ripoti imetoka, watu wamezikwa, mambo yamekwisha. Wazee wetu wana msemo: mwenye kovu usidhani kapoa. Hicho ndicho munachokisikia kijana wa miaka ishirini, ambaye mwaka 2001 hata hajazaliwa, anapoandika usiku "polisi ifutwe". Lile kovu amerithishwa.

Tena si 2001 peke yake. Rudini nyuma, 1951, enzi za Muingereza. Wakulima wa Kiembesamaki, ambao walishachukuliwa ardhi yao kwa ajili ya uwanja wa ndege, wakaambiwa ng'ombe wao wachanjwe kwa lazima. Wakakataa. Wakashitakiwa, wakafungwa. Tarehe 30 Julai watu wakaenda kuwatoa wenzao, polisi wakapiga risasi, watu wakafa. Ndiyo Vita vya Ng'ombe. Yaani polisi ya nchi hii ilianza hivyo: mtu ana malalamiko ya shamba lake na ng'ombe wake, jawabu anayopewa ni bunduki. Bendera imebadilika, sare imebadilika, lakini ile tabia ya kumuona raia kama fujo inayosubiri kutokea imerithiwa mzima mzima.

Na juzi tu, tarehe 1 Disemba 2024, mwenyekiti wa Ngome ya Vijana, Abdul Nondo, alichukuliwa alfajiri na watu wasiojulikana pale kituo cha mabasi cha Magufuli, Dar es Salaam, akaja kutupwa Coco Beach usiku akiwa na majeraha. Miezi mitatu nyuma yake Ali Kibao wa CHADEMA alishushwa kwenye basi, siku ya pili akaokotwa maiti. Tumefika mahali "watu wasiojulikana" limekuwa kama jina la idara.

Kwa hivyo hasira ipo na ina haki. Suali ni hasira hii itupeleke wapi.

Sasa nikupeni kisa changu. Na mimi nilikuwa nikisema ifutwe. Nilikuwa nikisema kwenye barza, kwa sauti, na nilikuwa na hoja. Siku moja jirani yetu, mama mmoja ambaye sitomtaja, alikuwa akipita na ndoo yake ya maji, akasimama akanisikiliza. Akaniuliza: "Mukishaifuta, mimi mwanangu nikamshitakie wapi?" Akachukua ndoo yake akenda zake.

Mimi sikujua anazungumza nini. Nikaja kujua baadae. Mtoto wake wa kike, wa miaka tisa, alidhalilishwa na mtu wa karibu na familia. Ukoo ukakaa kikao, wazee wakasema tuyamalize wenyewe, huyu ni damu yetu, ni muhali. Munalijua neno hili. Zanzibar muhali umelinda wadhalilishaji kuliko wakili yeyote. Yule mama akakataa. Akatoka peke yake akenda kituo cha polisi, kituo kimoja hapa mjini ambacho sikitaji. Akaambiwa gari haina mafuta, arudi kesho. Kesho yake akarudi, aliyepokea khabari hayupo. Mtu mwengine angekata tamaa. Yeye akaelekezwa Mnazi Mmoja, kwenye kituo cha Mkono kwa Mkono.

Pale, kwa wasiopajua, daktari, mshauri nasaha na askari polisi wanakaa pamoja, ili mtoto asizungushwe mji mzima akielezea mkasa ule ule kwa watu kumi. Alimkuta askari wa kike, amevaa nguo za kawaida, hana bunduki. Akamkalisha mtoto, akampa maji, akaandika. Kesi ikenda mahkamani. Ilivyoishia si yangu kuisema. Lakini mama yule aliniambia jambo moja: "Siku ile ndiyo nilijua kama polisi na yeye ni mtu."

Zingatieni, vijana. Mama huyu huyu, kwa jambo hilo hilo, amekutana na polisi ya aina mbili. Moja imemfukuza, moja imemsikiliza. Ukimwambia "ifutwe", anakuuliza ipi. Ukimwambia "ni nzuri, ina kasoro ndogo ndogo", anakuona humuheshimu. Na ukimwambia mambo yake ayapeleke kwa wazee wa ukoo au kwa sheha, atakucheka, maana huko ndiko alikokimbia. Sheha wenyewe munajua anateuliwa na nani. Anateuliwa na Mkuu wa Mkoa. Hatukumchagua sisi.

Kuna jambo jengine ambalo wenzetu wanaotaka kufuta hawalitazami. Wao wanadhani polisi ikiondoka panabaki patupu. Hapabaki patupu hata siku moja. Nguvu haina likizo.

Sisi Wazanzibari tumeshaona polisi inavyoanguka usiku mmoja. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, Ziwani na Mtoni zilipochukuliwa, polisi ilikwisha. Leo siingii kwenye mjadala wa Mapinduzi, hiyo ni mada yake. Nasema tu kile ambacho kila familia hapa, ya upande wowote, inakijua: zilikuja siku ambazo mwenye bunduki ndiye alikuwa kituo, ndiye hakimu na ndiye jela. Serikali mpya yenyewe haikuona njia ila kuomba askari polisi kutoka Tanganyika.

Na kwa vijana ambao 1964 kwenu ni hadithi, basi mwaka 2015 na 2016 munaukumbuka. Mazombi. Watu wameziba nyuso, gari haina namba, wanashuka mtaani usiku, wanapiga, wanavunja, wanapanda wanaondoka. Ukenda kushitaki unaulizwa: "Unawajua?" Utamjuaje mtu aliyeziba uso? Kabla yao tuliwaita majanjawidi. Sasa niambieni, zombi ni nini? Zombi ni polisi iliyokwisha kufutwa. Hana namba kifuani, hana kitabu cha ripoti, hana mkuu wake anayejulikana, hana mahkama. Imebaki nguvu peke yake.

Ndiyo maana hapa kwetu mtu akisema "tufute polisi" mimi naogopa atakayeshangilia wa mwanzo si yule mama. Ni bwana wa mazombi.

Wenzetu Marekani na wao walibishana hivi hivi. Baada ya George Floyd kuuliwa na polisi Minneapolis, Mei 2020, madiwani wengi wa mji ule walisimama hadharani wakaahidi kuivunja idara yao ya polisi. Novemba 2021 wananchi wakapigishwa kura, idara ile iondolewe ije idara mpya ya usalama wa umma. Zaidi ya nusu wakakataa. Hawakukataa kwa sababu wanaipenda polisi yao. Walikataa kwa sababu hawakuoneshwa sawasawa nani atakuja wakipiga simu usiku.

Haya, tukishasema hivyo, je, tumekwenda upande wa pili? Tuseme itengenezwe, tukalale? Hapana. Maana "kutengeneza" nako kuna ulaghai wake. Polisi imetengenezwa mara ngapi? Tumeletewa polisi jamii, tumeletewa semina, dawati la jinsia, vipeperushi, magari mapya. Mengine yana faida, dawati la jinsia lina faida, nimekwisha kulisema. Lakini mengi ni kama kuipaka rangi nyumba ambayo nguzo imeliwa na mchwa.

Julai 2023, tume ya Rais ya kuangalia haki jinai, ikiongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilimkabidhi Rais Samia ripoti yake. Miongoni mwa mapendekezo yake ni kwamba Jeshi la Polisi lifumuliwe liundwe upya, litoke kwenye sura ya jeshi liwe chombo cha kuwahudumia watu. Siyo maneno ya wapinzani hayo. Ni maneno ya Jaji Mkuu mstaafu, ndani ya Ikulu. Na baada ya maneno hayo ndiyo tumewaona akina Kibao na akina Nondo.

Tena jina peke yake halitoshi. Kenya walibadilisha. Katiba yao ya 2010 iliifanya polisi kuwa Huduma ya Taifa ya Polisi, wakaunda na mamlaka huru ya kuichunguza, IPOA. Faida yake imeonekana: wakili Willie Kimani na wenzake wawili waliuliwa Juni 2016, na Februari 2023 askari waliohusika walihukumiwa, mkubwa wao akapewa adhabu ya kifo.  Lakini Juni 2024 vijana wa Nairobi walipotoka kupinga kodi, Huduma ile ile iliwapiga risasi. Kwa hivyo funzo la Kenya ni nusu kwa nusu. Ukiunda chombo cha kuwashitaki askari, baadhi yao watashitakiwa. Ukiacha amri ya risasi mikononi mwa wale wale wanasiasa, risasi zitaendelea kupigwa.

Funzo kubwa zaidi kwetu sisi naliona pahala ambapo wengi hamutarajii: Ireland ya Kaskazini. Nchi ndogo, watu wamegawika nusu kwa nusu, wamezikana miaka thalathini, mwisho wakakubaliana kugawana serikali. Munaijua hadithi hii? Ni kama yetu. Polisi yao, RUC, zaidi ya asilimia 90 walikuwa Waprotestanti, na Wakatoliki wakiiona ni jeshi la upande wa pili. Walipotia saini makubaliano ya amani, Aprili 1998, hawakusema polisi tutaizungumza siku nyengine. Waliiweka ndani ya makubaliano. Ikaundwa tume chini ya Chris Patten, ikatoa mapendekezo 175. Tarehe 4 Novemba 2001 RUC ikaondoka, ikaja polisi mpya, PSNI. Ikawekwa bodi ya usimamizi ambayo ndani yake wamo wanasiasa wa pande zote na raia wa kawaida. Ikawekwa ofisi huru ya malalamiko. Na kwa miaka kumi, kila wakiajiri askari, nusu lazima wawe Wakatoliki.

Je, ilifutwa au ilitengenezwa? Ukitaka sema ilifutwa, ukitaka sema ilitengenezwa. Watu wa kule hawakupoteza usiku kubishana neno. Walibishana nani atamuamrisha askari, nani atamchunguza, na askari mwenyewe atoke kwa nani. Mpaka Januari 2007 hata Sinn Féin, waliokuwa wakiiona polisi ni adui wa damu, wakakubali kuiunga mkono.

Sasa tazameni kalenda. Oktoba 2001, sisi tumetia saini Muafaka wa pili. Mwezi uliofuata, wenzetu wamebadilisha polisi. Sisi 2009 tukaja na Maridhiano, Karume na Maalim Seif, Mungu amrehemu. Julai 2010 tukapiga kura ya maoni, asilimia 66 tukasema ndiyo. Katiba ya Zanzibar ikarekebishwa, ikaingia Serikali ya Umoja wa Kitaifa, wakaja Makamu wawili. Tuligawana vyeo, tukagawana wizara. Polisi ikabaki pale pale ilipokuwa. Anayeiamrisha yule yule, anayeichunguza ni yenyewe. Ndiyo maana 2015 uchaguzi ulipofutwa mazombi walikuja juu ya Maridhiano, na Oktoba 2020 Maalim Seif akakamatwa siku moja kabla ya kura kuu. Tulijenga nyumba ya umoja, bawabu wa mlangoni tukamuacha wa upande mmoja.

Hapo ndipo ninapotaka mushike neno langu la leo. Kosa letu si kwamba hatukuifuta polisi. Kosa letu ni kuwa kila tulipokaa mezani tumeiacha nje ya chumba.

Kwa nini tumeiacha? Jawabu tunayopewa siku zote ni kwamba polisi ni jambo la Muungano. Ni kweli. Fungueni Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Nyongeza ya Kwanza, polisi ni jambo la nne katika orodha. IGP anateuliwa na Rais wa Muungano. Kamishna yupo Ziwani lakini bosi wake yuko ng'ambo ya bahari. Ukipigwa hapa Amani, Mwakilishi uliyempeleka Chukwani hana waziri wa kumuuliza. Waziri wa Mambo ya Ndani anaulizwa Dodoma.

Lakini kumbukeni kuna milango miwili, na mmoja funguo tunazo wenyewe. Vikosi vya SMZ: KMKM, JKU, KVZ, Mafunzo, Zimamoto. Hivi si vya Muungano. Vimo ndani ya Katiba yetu na sheria zetu, na Baraza la Wawakilishi linavipitishia bajeti. Waangalizi wa uchaguzi, wa ndani na wa nje, wameandika mara nyingi jinsi vikosi hivi vinavyojazwa mitaani wakati wa uchaguzi. Mimi nauliza suali jepesi: mtu aliyeajiriwa kuzuia magendo baharini ana kazi gani kwenye foleni ya kura? Aliyeajiriwa kuzima moto, moto gani uko kwenye sanduku?

Basi kama munataka cha kufuta, nakupeni cha kufuta. Tufute vikosi kwenye uchaguzi, moja kwa moja, kwa sheria. Tufute uso ulioziba: hakuna mtu anayemkamata Mzanzibari huku amevaa soksi usoni. Tufute gari isiyo namba. Tufute polisi kujichunguza wenyewe. Hayo sitaki yatengenezwe, nataka yafutwe, na hayana haja ya kusubiri katiba mpya.

Na cha kujenga ni hiki. Kwanza, namba kifuani kwa kila askari, wa polisi na wa kikosi, inayosomeka. Pili, chombo huru cha malalamiko, chenye ofisi Unguja na Pemba, chenye uwezo wa kupeleka askari mahkamani. Tume ya Haki za Binadamu tunayo, lakini kazi yake kubwa ni kupendekeza, na pendekezo halimtii mtu pingu. Tatu, bodi ya usimamizi ya raia hapa Zanzibar, ambayo Kamishna ataripoti mbele yake, na ndani yake wakae wa chama tawala, wa upinzani, wanawake, na watu wasio na chama. Nne, kila anayekamatwa jina lake liandikwe, na familia ijue yuko wapi siku ile ile. Na tano, vituo kama Mkono kwa Mkono viongezwe fedha na askari waliosomea kazi hiyo, na gari iwe na mafuta. Mama yule asiambiwe tena arudi kesho.

Najua kuna mtu anasema moyoni: haya watayakubali lini? Mkono usioweza kuukata, ubusu. Mimi msemo huu siupendi. Tumeubusu mkono huu tangu 1951.

Wazee mutaniwia radhi, sasa nasema na vijana peke yao. Mwaka huu tuna kazi.

Viongozi wetu wakikaa tena mezani na serikali, kabla ya uchaguzi au baada yake, sisi vijana tuwe watu wa kuuliza: polisi imo kwenye ajenda? Wakituletea orodha ya vyeo, tuwarudishe. Tusione haya kuwarudisha, chama ni chetu pia.

Kila shehia iwe na vijana wawili wanaojua kuandika tukio. Siyo kupiga kelele mtandaoni. Kuandika: tarehe, saa, mahali, gari ya aina gani, namba ya askari kama ipo, nani ameshuhudia, hospitali gani amepelekwa, PF3 amepewa au amenyimwa. Mwaka 2001 yaliyojulikana yamejulikana kwa sababu kuna watu waliandika. Na musiandike uwongo. Uwongo mmoja unazika kweli kumi.

Usirushe jiwe. Narudia, usirushe jiwe. Anayetaka kupiga risasi analisubiri jiwe lako kama muadhini anavyosubiri saa.

Na askari wa mtaani kwetu, tunaowajua, tuliosoma nao skuli, tusiwageuze wote kuwa maadui. Wengi wao wanaishi kwenye nyumba mbovu kwa mshahara unaokwisha kabla ya mwezi, wanapokea amri wasizozipenda. Polisi mpya tunayoitaka itahitaji watu, na baadhi yao ndio hao. Tuwaambie wazi: aliyeua atashitakiwa, aliyekataa kuua tutamkumbuka.

Na la mwisho, tusafishe na kwetu. Hatuwezi kudai polisi iwasikilize watoto huku sisi wenyewe, kwenye familia zetu na hata kwenye matawi yetu, tunasema muhali. Kijana wa chama akimdhalilisha mtoto, apelekwe. Asifichwe kwa sababu ni mwenzetu na mwaka ni wa uchaguzi. Tukimficha, tumeshakuwa kama wao kabla hatujaingia madarakani.

Kwa hivyo ndugu yangu uliyeandika "ifutwe", na wewe uliyejibu "tuitengeneze" ukatolewa maana, rudini nyote kwenye grupu. Hatuchomi nyumba kwa sababu ya kunguni, lakini na kunguni hatulali nao. Mukikutana na yule mama na ndoo yake, mumjibu pamoja. Mwambieni tutafuta kile kinachokufukuza, tutajenga kile kilichokusikiliza, na tutaandika kwenye sheria nani atakufungulia mlango. Kama hatuna jawabu hiyo, hatuna siasa.

Mtaa huu unaitwa Amani. Mashahidi wa 2001 hawakuipata. Tuwaombee, halafu tufanye kazi.